C.T.R. Wilson na chemba ya wingu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Ukurasa huu unawahusu watu wa aina mbili: wanaotaka kumjua Wilson, na wanaotaka kujenga chombo chake, chemba ya wingu inayoonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, wakiwa hapa hapa kando ya ziwa. Tumewaweka pamoja kwa makusudi. Maisha ya mtu huyu ni magumu kuyaelewa mpaka uone kwa macho yako wingu jembamba likichorwa mstari na kitu kisichoonekana.

Wilson ni nani hasa?

Charles Thomson Rees Wilson alizaliwa Glencorse, Uskoti, tarehe 14 Februari 1869, katika familia ya mkulima. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka 4, mama akahamia Manchester na watoto. Alisoma Owens College akiwa na nia ya kuwa daktari. Mwaka 1888 akaingia Sidney Sussex College, Cambridge, na huko fizikia na kemia zikamteka. Chombo chake kilionyesha njia za chembe kwa mara ya kwanza mwaka 1911. Alikuwa profesa Cambridge kuanzia 1925 hadi 1934, akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1927 pamoja na Arthur Compton, na akafariki tarehe 15 Novemba 1959 akiwa na miaka 90.

Alikuwa mwanafizikia wa chembe au mtu wa hali ya hewa?

Alianza na mawingu na akamalizia na mawingu. Chembe zilimkuta njiani.

Septemba 1894 alikaa wiki mbili kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis. Jua lilipopiga kwenye ukungu uliokuwa chini yake aliona pete za rangi zikizunguka vivuli, akataka kuzitengeneza maabara. Pete hizo unaweza kuziona mwenyewe: ndege inaposhuka Mwanza asubuhi, kaa upande usio na jua, utafute kivuli cha ndege juu ya mawingu. Ben Nevis, kilele kirefu kuliko vyote Uingereza, una mita 1,345. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba yuko chini ya kilele hicho kwa mita 200 na kidogo tu.

Aligundua nini kuhusu mawingu?

Wakati ule ilijulikana kwamba mvuke hauwi matone hivi hivi, unahitaji kitu cha kushikia, kwa kawaida vumbi. Wilson alichukua hewa yenye unyevu, akaitanua ghafla ipoe, vumbi likashuka na matone. Akarudia hivyo mpaka hewa ikawa safi kabisa. Hapo mtu angetegemea wingu lisitokee tena.

Lakini hewa ilipotanuliwa hadi mara 1.25 ya ujazo wake, matone machache yalirudi, kama manyunyu. Ilipofika mara 1.38, ukungu mzito ulijaa chombo chote. Ukipiga hesabu ya hewa ya nyuzi 20 inayotanuka ghafla kiasi hicho, ya kwanza inashuka hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, ya pili hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Manyunyu yale ya 1.25 ndiyo yaliyokuwa na siri. Mapema mwaka 1896, miezi michache tu baada ya eksirei kugunduliwa, Wilson alizipitisha kwenye chombo, na manyunyu yakageuka ukungu mnene. Maana yake mvuke ulikuwa ukishikia ioni, yaani molekuli zilizopokonywa au kuongezewa elektroni. Chembe yenye chaji ikipita hewani huacha maelfu ya ioni nyuma yake. Ukiwahi kuutoa mvuke kabla hazijasambaa, kila ioni inavaa tone, na njia inaonekana.

Tunasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani kwamba chemba ya wingu "inaonyesha chembe". Haionyeshi chembe. Boti ikipita usiku mbali na mwalo, huioni. Asubuhi unaona povu ilikopita.

Chemba ya 1911–1912 ilikuwaje?

Silinda ya kioo yenye upana wa sm 16.5 na kimo cha sm 3.4, iliyofungwa juu. Sakafu yake ilikuwa pistoni. Chini kulikuwa na chombo kilichotolewa hewa. Valvu ikifunguliwa, sakafu inaanguka ghafla na hewa inatanuka. Juu na chini vilipakwa jelatini yenye unyevu, ya chini ikatiwa weusi ili matone meupe yaonekane. Kati ya juu na chini aliweka uga wa umeme wa kufagia ioni za zamani. Picha zilipigwa kwa cheche kali ya umeme iliyopitishwa kwenye mvuke wa zebaki.

Kioo alikipuliza kwa moto mwenyewe, na kilipasuka mara nyingi. Tangu jaribio la kwanza mwaka 1895 hadi picha za 1911 ni miaka 16. Anayetaka chemba yake ifanye kazi siku ya kwanza akumbuke hesabu hiyo.

Kwa nini chombo hiki kinaitwa mwanzo wa fizikia ya chembe?

Kwa yale waliyoyaona wengine ndani yake. Mwaka 1925 Patrick Blackett alichapisha matokeo ya picha karibu 23,000 zenye michirizi zaidi ya 400,000 ya alfa, yaani viini vya heli vinavyorushwa na vitu vyenye mionzi. Kati ya hiyo yote, 8 tu ilikuwa na panda iliyoonyesha kiini cha naitrojeni kikigeuzwa.

Tarehe 2 Agosti 1932, Pasadena, Marekani, Carl Anderson alipata picha ya mchirizi uliopita kwenye bamba la risasi la mm 6 ndani ya uga wa sumaku. Upande mmoja wa bamba mchirizi ulipinda kidogo, upande wa pili ukapinda zaidi. Chembe hupoteza nguvu ikipita kwenye risasi, kwa hiyo upande uliopinda zaidi ndiko ilikoelekea baada ya kupita. Ukishajua ilikokuwa ikielekea, mpindo unakwambia chaji yake: ilikuwa chanya, lakini uzito wake ulikuwa kama wa elektroni. Ikaitwa positroni. Bamba moja la risasi ndilo lililomaliza ubishi, na kwetu hilo ndilo jambo la kujifunza kuliko jina la chembe. Muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, ikafuata mwaka 1936, na chembe za aina ya kaoni mwaka 1947, zote ndani ya chemba za wingu.

Naweza kujenga chemba hapa Mwanza?

Ndiyo, ila si ya pistoni. Jenga ile inayopoozwa chini, iliyobuniwa na Alexander Langsdorf miaka ya 1930. Ya Wilson inaona kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha unasubiri. Hii inaona muda wote ikiwa na baridi.

Unahitaji sanduku la kioo la upana wa sm 20 kwa 30 na kimo cha sm 15 hivi. Tangi dogo la samaki wa mapambo linafaa likigeuzwa mdomo chini. Bamba la alumini la mm 2 au 3, kubwa kidogo kuliko mdomo wa sanduku, lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Ukanda wa blanketi zito au sponji. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, mililita 40 hadi 50. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksaidi iliyogandishwa, kilo 3. Boksi jeupe la foamu, lile la kusafirishia minofu ya sangara, lililooshwa vizuri. Tochi yenye mwanga mwembamba mkali. Udongo wa kuchezea watoto, wa kuzibia.

Funga ukanda wa blanketi kuzunguka ndani ya sanduku, karibu na kitako ambacho sasa kitakuwa juu. Tumia waya au sumaku ndogo. Gundi nyingi huyeyushwa na alkoholi, na ukanda utaanguka katikati ya onyesho. Uloweshe hadi ushibe lakini usidondoke. Ponda barafu kavu iwe unga, uitandaze sawasawa kwenye boksi la foamu kwa unene wa sm 3, uweke bamba juu na kulikandamiza. Mimina alkoholi kidogo sana juu ya bamba iwe utando. Funika na sanduku, ziba kingo zote kwa udongo. Zima taa za chumba, elekeza tochi kutoka ubavuni, usawa wa sm 1 juu ya bamba. Subiri dakika 10 hadi 15. Kwanza utaona manyunyu madogo yakishuka. Michirizi huanza baadaye, kwenye tabaka la chini lenye kina cha sm 1 au 2 tu.

Joto la Mwanza la nyuzi 28 mchana linakusaidia. Chombo hiki kinaishi kwa tofauti kati ya juu penye joto na chini penye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri.

Barafu ya samaki na chumvi haitoshi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na tunalielewa, kwa kuwa barafu ya samaki imejaa mji mzima. Jibu ni hapana. Barafu na chumvi ya kawaida haishuki chini ya nyuzi 21 chini ya sifuri hata uchanganye vipi, na bamba lenyewe litabaki juu ya hapo. Alkoholi ya isopropili inahitaji bamba la nyuzi 26 chini ya sifuri au baridi zaidi. Utaona ukungu mzuri, na hautakuwa na mchirizi hata mmoja.

Barafu hiyo ina kazi nyingine. Kuna vibamba vya kupoza kwa umeme, vya sm 4 kwa 4, vinavyotumia volti 12 na hadi ampea 6. Pandanisha viwili, cha chini kipe volti 12, cha juu volti 5, kisha chini yake pitisha maji ya ndoo yenye barafu ya samaki. Ukibana vizuri na kupaka krimu ya kupitisha joto, sehemu ya juu inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Dirisha lako litakuwa dogo kama kisanduku cha kiberiti, lakini utaona. Betri ya gari ya ampea-saa 70 itakuendesha kama saa 4 bila kuimaliza zaidi ya nusu, jambo la maana umeme unapokatika. Pampu ya maji ikisimama, zima vibamba hapo hapo. Huungua ndani ya dakika chache.

Sanitaiza, spiriti ya hospitali au konyagi je?

Sanitaiza nyingi na spiriti ya kusafishia vidonda zina alkoholi ya asilimia 70 hivi. Maji yaliyobaki huganda kuwa theluji juu ya bamba na kuharibu tabaka. Konyagi ina maji kuliko alkoholi, kwa hiyo ibaki kwenye matumizi yake. Ethanoli ya maabara ya asilimia 95 au zaidi inafanya kazi, ingawa ya isopropili ni bora.

Tumefuata yote na hatuoni kitu. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye tochi. Mwanga ukitoka juu, weusi wa bamba unang'aa na matone yanapotea. Ushushe ubavuni, nawe uangalie kwa pembe ukiuelekea kidogo.

Kama mwanga uko sawa, gusa kingo. Ukungu unaozunguka kama moshi wa jiko maana yake hewa inaingia, na upepo wa ziwani wa alasiri hupenya hata pale unapodhani umeziba. Funga madirisha ya upande wa ziwa, acha wazi ya upande mwingine ili gesi ya barafu kavu itoke. Manyunyu yakiwa mazito kama mvua, blanketi limelowa mno. Kukiwa hakuna hata manyunyu, bamba halijagusa barafu: barafu kavu hujila yenyewe chini na kuacha pengo, hivyo kila nusu saa likandamize tena.

Kioo kikitoka jasho kwa nje, feni ndogo inatosha. Plastiki ngumu ya akriliki hupasuka nyufa nyembamba baada ya kuguswa na alkoholi mara kadhaa. Ndiyo sababu tunasema kioo. Na ukiona michirizi imefifia baada ya kuanza vizuri, sugua kipande cha plastiki kwa kitambaa kikavu, kishike juu ya sanduku. Hiyo ndiyo uga wa kufagia wa Wilson, kwa njia ya kimaskini.

Nitajuaje mchirizi upi ni wa nini?

Mnene, mfupi, umenyooka, chini ya sm 5 au 6: alfa. Mwembamba unaoyumba na kukunjamana kama uzi uliodondoka: elektroni dhaifu. Mwembamba, mrefu, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo: yaelekea ni muoni, iliyozaliwa kilomita nyingi juu yetu baada ya chembe ya anga za juu kugonga hewa.

Vitabu vinasema muoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Mbona tunaona michache?

Bamba lako lina sentimita za mraba 600, kwa hiyo zinapita kama 10 kila sekunde. Lakini nyingi zinashuka wima au karibu na wima, na tabaka linaloona lina kina cha sm 1 au 2 tu. Hizo zinaacha kinukta au kistari kifupi usichokitambua. Zinazopita ubavu kwa ubavu ni adimu. Pia tuko karibu na ikweta, ambako uga wa sumaku wa dunia huzuia chembe nyingi dhaifu za anga za juu. Mwinuko wetu unarudisha kidogo.

Ni kweli karabai za wavuvi zilikuwa na mionzi?

Vile vifuko vyeupe vya kitambaa vinavyowaka ndani ya karabai vilitengenezwa kwa miaka mingi kwa oksaidi ya thoriamu, kwa kuwa ikipashwa moto hutoa mwanga mweupe mkali. Vingi vya siku hizi havina, na wavuvi wa dagaa wengi wamehamia taa za sola. Ukikipata cha zamani ambacho hakijawashwa, kiache ndani ya mfuko wake, ukiweke ndani ya chemba karibu na blanketi.

Utaona michirizi ya alfa ikitoka hewani mbali na kifuko, miwili miwili, yenye umbo la V. Thoriamu huzaa hatimaye gesi ya redoni-220, ambayo nusu-maisha yake (muda ambao nusu ya atomu zake huvunjika) ni sekunde 56 hivi, unaotosha kuelea hadi katikati ya sanduku. Inapovunjika inaacha poloniamu-216, nayo huvunjika kwa wastani ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla haijahama. Alfa mbili, sehemu moja, kufumba na kufumbua. Hakuna onyesho lililo bora kuliko hilo kwa darasa la kidato cha sita.

Usikiwashe, usikikunje, na usikiguse kikishakuwa jivu. Vumbi lake likiingia kifuani ndipo hatari ilipo. Nondo za kuchomelea za tangsteni zenye ncha nyekundu nazo kwa kawaida zina thoriamu, lakini usizinoe. Kifaa chochote cha kiwandani chenye alama ya mionzi usikiguse. Hiyo ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Miamba ya Mwanza inaongeza mionzi?

Ndiyo, kidogo. Itale, yaani miamba mikubwa ya Mwanza, ina urani, thoriamu na potasiamu zaidi kuliko chaki na mawe mengine mengi. Kwa afya yako ukikaa kando ya Bismarck Rock si tatizo. Kwa vipimo ni mtego, na mtego huo ulimnasa Wilson mwenyewe.

Mwaka 1901 alijiuliza kama ioni za hewani zinatokana na miale inayotoka nje ya dunia. Alichukua kifaa chake cha kupimia ioni usiku hadi ndani ya handaki la reli karibu na Peebles, akapima. Idadi haikupungua chini ya mwamba, akaliacha wazo. Kumbe mwamba ulizuia miale ya juu huku ukitoa ya kwake. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess alipanda kwa puto hadi mita 5,300 hivi, akakuta ioni zinaongezeka, na Nobel ya ugunduzi huo ikawa yake mwaka 1936. Kwa hiyo ukiingiza kihesabio cha mionzi kati ya mawe makubwa ya Mwanza na namba isishuke, usikimbilie kuandika jibu.

Radi za ziwani zinahusiana nini na Wilson?

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana, unapanda, na radi zinajenga hadi alfajiri. Eneo hili ni kati ya yanayopigwa sana na radi duniani.

Juni 1895, juu ya kilele cha Carn Mor Dearg, karibu na Ben Nevis, Wilson alihisi nywele zikimsimama kichwani, akakimbia kushuka kabla radi haijapiga. Tangu hapo umeme wa mawingu haukumtoka akilini. Mwaka 1925 alipendekeza kwamba uga wa wingu la radi unaweza kusukuma elektroni mpaka hewa ishindwe kuzipunguza kasi. Ilichukua miongo mingi kuthibitishwa. Tarehe 14 Desemba 2009 satelaiti ya Fermi, ikiwa juu ya Misri, iligongwa na elektroni na positroni zilizotoka kwenye radi iliyokuwa Zambia, zikifuata uga wa sumaku wa dunia. Chembe ile ya Anderson, kutoka kwenye wingu la kweli. Makala ya mwisho ya Wilson kuhusu umeme wa radi ilitoka mwaka 1956, akiwa na miaka 87.

Kwa aliye majini: nywele zikisimama umeshachelewa, na ndani ya mtumbwi hakuna mkao ulio salama. Ukiona miale ya radi upeo wa macho, geuza mapema.

Barafu kavu inabebwaje, na ikibaki niifanye nini?

Glavu nene muda wote. Kwenye gari shusha vioo, kwa sababu gesi yake ni nzito na hutuama chini unapopumulia. Usiifungie kwenye chupa wala deli lenye kifuniko cha kubana, litapasuka. Usiitupe kwenye sinki, bomba la plastiki hupasuka kwa baridi. Iache kwenye boksi la foamu, kifuniko kikiwa kimelegezwa, mahali penye hewa na mbali na watoto na kuku. Asubuhi itakuwa imekwisha yenyewe.